Kitu Gani Kitakufa Kwanza

Haya nimeyapata kwa mwanangu wa tatu, fundi umeme wa chuo kikuu, siku ya nane tangu yatokee, akiwa amekaa uani ananifungulia pasi iliyogoma. Kazini kwake wanamwita Fyuzi, kwa kuwa huungua upesi, na akishaungua hunyamaza.

Mambo yalianza kwa harufu. Jumatano asubuhi Fyuzi alifungua chumba cha swichi kuu, pale umeme wote wa chuo unapoingilia kabla ya kugawanywa, akanusa kitu kama mshikio wa sufuria unaoyeyuka. Akamulika tochi. Shaba iliyofungwa kwa bolti kwenye swichi ilikuwa nyeusi, na plastiki ya pembeni imelegea kama mshumaa. Alipopima joto lake alirudi nyuma hatua mbili bila kuambiwa na mtu. Kiungo kile kingeweza kuvumilia mwezi mzima, na kingeweza kulipuka kabla ya chai ya saa nne. Dawa yake ilikuwa moja: kuzima chuo kizima kwa saa moja, kufungua, kusugua, kubadilisha. Na jenereta kubwa la chuo lilikuwa limepasuliwa tumbo, linangoja kipuri. Lililobaki ni dogo, la kusukuma kwa magurudumu.

Fyuzi akafanya kama alivyofundishwa. Aliandika karatasi: "Je, chumba chenu kinaweza kukaa saa moja bila umeme, Jumamosi saa nne asubuhi? Ndiyo au Hapana." Akasambaza sitini na mbili, moja kwa kila chumba cha utafiti kilichomo kwenye daftari lake. Ijumaa asubuhi zilirudi zote sitini na mbili, na zote zimeandikwa Hapana. Ile ya mtaalamu wa matetemeko ya ardhi ilikuwa na Hapana tatu, ya mwisho imepigiwa mstari mpaka karatasi ikachanika.

"Ningekuwa wewe ningezima tu, halafu nikatoka mbio," alisema mtunza funguo. Huyu ni dada wa mkewe, mwanamke mwenye kitita cha funguo kiunoni, anayesikika kabla hajaonekana.

"Mimi ningefika mbali, shemeji. Wewe wangekudaka mlangoni, unalia kama njuga."

"Haya, cheka. Lakini swali lako bovu. Mtu ukimwuliza kama unaweza kumzimia, atakataa hata kama ana kalenda tu ukutani. Nenda kawaulize kitu gani kitakufa kwanza, na baada ya dakika ngapi."

Fyuzi alitaka kuungua, akaona swali lake kweli bovu. Akachukua daftari, shemeji akatangulia na funguo.

Miaka kumi na moja alikuwa akipeleka umeme kwenye majengo yale, na hakuwahi kujua unakwenda kufanya nini. Kwake chuo kilikuwa namba. Jengo la tano linakula sana mchana, la tisa linakula usiku na mchana kama mtu mwenye minyoo. Sasa milango ikaanza kufunguka.

Katika jengo la tano, binti mmoja mwenye kofia ya plastiki aliwaonyesha kisahani chenye utando mwembamba, mweupe, kama ule unaojitanda juu ya maziwa yakipoa.

"Nini hiki?" Fyuzi akauliza.

"Ngozi ya mtu. Tunaiotesha, ya kuwabandika walioungua."

"Mtu mwenyewe yuko wapi?"

"Yuko hai, baba, ana duka lake. Alitupa kipande kidogo kama ukucha."

Shemeji alijishika mkono wake mwenyewe, akautazama kama ameuokota. Ngozi ile ilitaka joto la mwili saa zote. Dakika ishirini, Fyuzi akaandika.

Chumba cha pili kilikuwa cha nyuki wanaofundishwa kunusa pumzi ya wagonjwa. Wakinusa ugonjwa wanatoa ulimi, wasiponusa wanafunga mdomo. "Watoto wangu hawajafika hapo," shemeji akasema. Nyuki, dakika arobaini. Palikuwa na mizani ndani ya sanduku la kioo. Mwenye mizani alipima karatasi tupu, akamwambia Fyuzi aandike jina lake kwa penseli, akaipima tena, na namba zikapanda. Jina lake lilikuwa na uzito! Fyuzi alisimama pale mpaka shemeji akamvuta shati. Palikuwa na mbegu za mtama elfu tatu zimelala kwenye baridi kali. Hizo zingekaa saa sita, mradi mtu asifungue mlango. Palikuwa na mwanamke wa nyota, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akiwasikilizisha mdundo kwenye spika: du, du, du, kama moyo.

"Na huyu akizimiwa atakufa baada ya muda gani?"

"Nyota yangu? Huenda ilishakufa, fundi. Habari tu hazijafika." Akacheka. "Mdundo huu uliosikia ulianza safari kabla binadamu hajajua kulima. Ndiyo kwanza umefika sikioni mwako."

Fyuzi alikaa kwenye kiti bila kukaribishwa.

Na katika karakana ya majengo walikuta nguzo ya zege imelazwa, imebebeshwa mawe kwa miaka kumi na tisa, waone inapinda kiasi gani. Hapakuwa na waya wowote karibu.

"Sasa hii inahitaji umeme wa nini?"

"Haihitaji," akajibu mwenye nguzo, mtu mzima, akiona aibu.

"Mbona uliandika Hapana?"

"Niliogopa. Wenye Ndiyo mtatusahau."

Basi Fyuzi akapata alichotaka. Kati ya Hapana sitini na mbili, zilizobaki za kweli zilikuwa tisa. Jenereta dogo lingebeba ngozi na nyuki na vyumba vingine sita, lipumue kwa shida kama mzee kwenye ngazi. La tisa lilikuwa la matetemeko. Mtaalamu wake, mzee mrefu asiyecheka, aliwapeleka chini ya sakafu, mahali sindano inapochora mstari kwenye karatasi inayozunguka.

"Ardhi inatetemeka muda wote," alisema. "Lori likipita, bahari ikipiga huko mbali, hata nyinyi mlipoteremka ngazi. Mstari huu haujakatika kwa miaka thelathini na moja. Hata dakika moja. Nimenunua betri yangu, inashika saa moja. Msinizidishie."

"Hatuzidishi, mzee."

Jumamosi saa mbili asubuhi Fyuzi alikuwa mbele ya swichi, anahesabu nyaya zinazotoka kwenda vyumba vya utafiti, kila moja na kibandiko chake. Zilikuwa sitini na tatu. Akahesabu tena. Daftarini vyumba sitini na mbili, hapa nyaya sitini na tatu, na ya mwisho haina kibandiko. Akaibana kwa koleo la kupimia umeme. Namba ilitikisika, ndogo, ya kitu kisichozidi taa mbili tatu.

"Shemeji, kuna mtu huku."

"Mtu gani? Hiyo imesahaulika tu. Izime."

"Umeme hausahauliki, shemeji. Ukitembea, kuna anayeunywa."

Wakaufuata waya ukutani, chini ya kifuniko cha mtaro, nyuma ya maktaba, mpaka kwenye jengo la kufulia la zamani, ambalo shemeji alikuwa na ufunguo wake na hakuwahi kuutumia. Haukuhitajika. Mlango ulikuwa wazi. Ndani, kando ya tangi refu la kioo linalobubujika, palikuwa na mzee amevaa sweta lenye viraka viwili, anakata minyoo midogo kwa mkasi wa kucha. Alikuwa profesa aliyestaafu miaka saba nyuma. Ofisi ilimfuta daftarini. Yeye hakujifuta.

Ndani ya tangi waliogelea samaki wenye urefu wa kidole, mgongo wa kijani, na ubavuni mstari mwekundu uliowaka na kuzima kila walipogeuka. Fyuzi aliwahesabu. Saba.

"Wanatoka wapi, mzee?"

"Chemchemi moja chini ya mlima, maji ya baridi yanayoruka kwenye mawe. Ilipoanza kukauka nilibeba kumi na tisa kwenye kopo la maziwa. Mwaka uliofuata palikuwa mchanga mtupu."

"Na wenzao?"

"Nimetafuta miaka kumi na sita. Hakuna wenzao. Hawa saba ndio kabila zima, duniani kote." Akaonyesha jike mmoja mnene. "Huyu ana mayai. Ni mara ya kwanza kwa miaka mitatu."

Fyuzi aliuliza swali lake la dakika ngapi. Pampu ya hewa ikisimama, mzee alisema, baada ya dakika kumi na mbili wataanza kupanda juu kutafuta pumzi. Baada ya ishirini basi.

Jenereta lilishajaa, halikuwa na nafasi hata ya kuchaji simu. Kuahirisha? Fyuzi alirudi mbio akapima kile kiungo. Kilikuwa kimepanda tena, na plastiki imeanza kudondosha matone. Kikilipuka chenyewe, chuo kingekaa gizani wiki nzima, na ngozi na nyuki na samaki vyote vingekwenda pamoja. Akapiga simu kwa kila mwenye chumba: njooni jengo la kufulia la zamani, sasa hivi.

Walifika kama thelathini, wengine na makoti meupe, wengine na ndala. Walikuja wakinung'unika, lakini mlangoni manung'uniko yaliisha. Watu waliosoma mpaka wakaota mvi walisimama mbele ya tangi kama watoto mbele ya dirisha la duka. Mwanamke wa nyota alivua miwani yake, akaifuta, akaivaa tena.

Mtaalamu wa matetemeko aliinama muda mrefu, pua karibu na kioo. Halafu akanyooka, akatoka nje.

"Kakimbia," shemeji akanong'ona. "Nilijua tu, mtu mwenye Hapana tatu."

Baada ya robo saa alirudi, jasho linamtiririka, anasukuma toroli lenye betri yake.

"Fundi, unganisha."

"Na mstari wako, mzee?"

"Ardhi itakuwepo kesho." Akamsukumia toroli. "Unganisha kabla sijageuza nia."

Saa nne kamili Fyuzi akashusha swichi kuu. Aliniambia hakuwahi kukisikia chuo kile kikinyamaza. Mafeni, majokofu, mapampu, vitu alivyovizoea mpaka akasahau kwamba vina sauti, vyote vilikata pumzi pamoja. Mbali kidogo aliweza kulisikia jenereta dogo likikohoa.

Akaanza kufungua. Bolti tatu zilikubali. Ya nne ilikuwa imeungua ikashikana na shaba, haizunguki kushoto wala kulia. Akamwaga mafuta. Akagonga. Akaitukana matusi ambayo hakunirudia. Shemeji alimmulikia, simu begani, upande wa pili wakiwa watu wa samaki.

"Dakika hamsini, shemeji."

"Najua."

"Hamsini na nane."

"Unanihesabia kama jogoo! Nimekwambia najua."

Kwenye simu ikasikika pampu ikilegea, brr, brr, kisha kimya, kisha sauti ya yule mzee: "Imekata."

Fyuzi alikuwa na msumeno mkononi, anaikata ile bolti, na alijua inataka robo saa au zaidi. Hakuweza kwenda. Akapaza sauti kuelekea kwenye simu: "Wapozeeni maji! Kama mnavyopoza chai! Choteni maji na vikombe, inueni juu, mwagieni humohumo! Hewa itaingia!"

Upande wa pili pakawa na kelele za ndoo. Baadaye walimsimulia. Waliopata majagi ya maabara walichota kwa majagi, waliokosa walichota kwa vikombe vya chai, na mwenye nguzo ya zege kwa kofia yake ya kazi. Walijipanga pande mbili za tangi, wanachota, wanainua, wanamwaga, na profesa katikati anawaambia, "Taratibu, jamani, msimchote jike." Binti wa ngozi alileta barafu kwenye beseni, maji yasipate joto. Hakuna aliyetazama saa.

Bolti ikakatika. Fyuzi alifunga mpya, akaikaza kwa nguvu zote, akapandisha swichi. Ilikuwa saa tano na dakika ishirini na nne. Chuo kikavuta pumzi. Akakielekezea kile kiungo kipima joto, akasubiri, namba ikatulia chini. Ndipo alipotoka mbio, shemeji nyuma yake akilia kama njuga.

Sakafu ya kufulia ilikuwa ziwa. Watu wamelowa mpaka magotini, bado wanachota na kumwaga ingawa pampu ilishaanza kububujika. Mzee alinyanyua mkono, wakaacha. Maji yakatulia polepole, mapovu yakapasuka moja moja, na wote wakahesabu kwa midomo isiyotoa sauti. Mmoja kwenye kona. Wawili chini ya jiwe. Watatu wamepangana. Wa saba, yule jike, hakuonekana, mpaka alipojitokeza nyuma ya bomba la hewa, anapiga mkia. Kwenye changarawe pale alipokuwa palikuwa na punje ndogo, za manjano, zinazong'aa.

"Ametaga," profesa akasema. "Katikati ya fujo yote hii. Amedhani ni chemchemi."

Mtaalamu wa matetemeko aliegemea ukuta akishika kifua. Mwenye mizani akamwuliza kama anaumizwa na pengo la mstari wake.

"Nitaliandika," alijibu. "Dakika themanini na nne, sababu: samaki." Na Fyuzi anaapa kwamba mzee yule alicheka.

Wakaondoka mmoja mmoja, kila mtu kwenye chumba chake, wanakanyaga kwa uangalifu kama watu wanaotoka kwenye nyumba yenye mtoto mchanga. Shemeji alianza kukausha sakafu. Profesa alivuta kreti, akaketi jua la adhuhuri likimpiga mgongoni, uso wake ukielekea kwenye zile punje. Alisema atazihesabu. Alifika kumi na nne, kidole kikiwa bado kwenye kioo, kisha kidevu kikashuka taratibu juu ya sweta, na usingizi ukamchukua.