Swali la Nane

Swali la nane liliuliza: je, mgonjwa anaweza kuchana nywele zake mwenyewe? Naye Nkasiogi, kama mwanamke yeyote wa Kiarusha aliyejiheshimu enzi zile za Mwingereza, alikuwa amenyoa kichwa kikang'aa.

Maswali hayo aliyatunga daktari Mzungu, aliyetaka kujua watu waliougua homa ya kupooza wameweza kurudia shughuli zao za kila siku kwa kiasi gani. Kushika kikombe, kuvaa nguo, kupanda ngazi. Yote saba ya mwanzo Nkasiogi aliyaweza, japo mkono wa kulia ulikuwa bado mzito.

"Lete hicho kitana nikuchane wewe, uone kama siwezi," alimwambia Romanus, dresa wa hospitali ya mjini, msaidizi wa daktari aliyeandika majibu.

Romanus alimwogopa daktari kuliko alivyomwogopa Shetani. Akaandika: hawezi.

"Nyumbani nitarudi lini, baba?"

"Yatakapotimia yote manane, mama. Njoo Jumatatu."

Basi akarudi Kaloleni, mtaa wa pale mjini, kwa Zuleha mpika vitumbua, aliyempangisha chumba. Nyumbani Sambasha alimwacha mwanawe Simel, ananyonya bado, na mama mkwe hakuthubutu kumleta mjini kwenye maradhi. Nkasiogi alimtamani mtoto yule mpaka mwili ukauma. Alikuwa na tabia moja Simel: akinyonya, hupigapiga kichwa cha mama yake kwa kiganja, pa, pa, pa, mpaka alale. Kila alfajiri Nkasiogi aliamka na kujishika utosi.

"Fuga nywele," Zuleha alimshauri.

"Kwetu watasema nimechanganyikiwa."

"Mtaka cha uvunguni sharti ainame, mwenzangu. Unamtaka mwanao au humtaki?"

Akafuga. Miezi mitano nywele zikimwasha, akijifunika kanga kwa aibu, akijifunza kuchana kwa mkono ule mzito. Jumatatu moja akachana mbele ya Romanus, mbele mpaka kisogoni. Romanus akacheka kwa furaha kana kwamba ni yeye aliyeugua, akaandika: amepona.

Jumatano alasiri akafika Sambasha, miguu ikiwaka moto. Simel alikuwa amesimama mlangoni, anatembea sasa! Nkasiogi akaita jina lake, akapiga magoti, akafungua mikono.

Mtoto akamtazama yule mwanamke mwenye nywele, akapiga ukelele na kujificha nyuma ya bibi yake.

Nkasiogi akajaribu kumwimbia. Mtoto akazidi kulia. Moyo ukamkatika vipande, akakaa chini pale pale kwenye vumbi, asijue amlaumu nani, daktari au swali lake.

Mama mkwe aliingia ndani akatoka na wembe na kibuyu cha maji, akakaa nyuma ya mkwewe, akaanza kunyoa. Nywele za miezi mitano zikaanguka mapajani. Nkasiogi aliinamisha kichwa, machozi yanachuruzika, hakugeuka hata aliposikia kilio cha mtoto kimekoma.

Kisha hatua ndogo ndogo. Kisha kiganja, utosini: pa. Kikasita. Pa, pa.

Mkono wa kulia ukainuka wenyewe, ukamzunguka mtoto kiunoni na kumvuta mapajani, juu ya zile nywele.

Kwenye karatasi ya Romanus imeandikwa kwamba Nkasiogi alipona Jumatatu. Uongo mtupu. Alipona Jumatano, upande mmoja wa kichwa ukiwa bado haujanyolewa.