Pumzi ya Fundi Cherehani

Kila fundi cherehani huzuia pumzi anapotunga uzi kwenye tundu la sindano. Mke wa mpakiaji saruji aliiacha desturi hiyo tangu masika, kwa kuwa kila alipozuia pumzi, mumewe alinyamaza katikati ya neno huko kiwandani, na wenzake wakalazimika kumsubiri amalizie.

Mume alikuwa amejaza mifuko ya saruji miaka kumi na tisa, hata mapafu yakagoma. Alfajiri moja kifua chake kilitulia tuli. Mkewe alipovuta pumzi pembeni yake, kikainuka. Tangu hapo mke alipumua kwa niaba ya wawili. Mama mkwe, mtu wa maneno machache, alisema ndoa ni kubebana, akaomba apishwe jikoni.

Tatizo lilikuwa moja. Kiwanda hakikumhamishia mtu langoni, mbali na vumbi, ila kwa cheti cha daktari wa kiwanda kwamba mapafu yameharibika. Na anayepumua vizuri hapewi cheti. Wakakubaliana kwamba siku ya kupimwa mke ataketi kwenye benchi nje ya mlango na sindano yake. Mume akikohoa, ataanza kutunga uzi, asipumue hadi ahesabu sitini.

Daktari alieleza kwa utaratibu kwamba msuli mpana ulio chini ya mapafu hushuka, mbavu hutanuka, hewa ikaingia. Msuli ukilegea, hewa hutoka. Mume akakohoa. Kifua kikasimama. Daktari akatazama saa yake, akasubiri kwa adabu. Nje, mke alipofika hamsini na tatu alisikia kiti kikianguka, akavuta pumzi kabla hajaamua.

Daktari akaandika: Mzima.

“Lakini umeona mwenyewe, daktari,” mume akasema, akijiinua kutoka sakafuni. “Pumzi hii ni ya mke wangu. Yuko hapo nje.”

“Nimeona, bwana, na nimemsikia. Anapumua vizuri sana. Ila fomu inauliza kama hewa inaingia na kutoka. Haiulizi ni ya nani.”

Njiani mke aliomba radhi. “Zilibaki saba tu, baba. Ningefika.”

“Ungefika mjane,” mume akamjibu, na wote wawili wakacheka kwa pumzi ileile.

Kesho yake mume akarudi kwenye mifuko. Kufikia adhuhuri mke alikohoa juu ya gauni jeupe la mteja, akapangusa vumbi la kijivu, akaendelea kushona. Siku hizi sindano hutungwa na mama mkwe. Macho yake yamefifia, na tundu hulikosa mara nyingi, lakini yeye aweza kuizuia pumzi yake apendavyo, maana hakuna mwingine anayeitegemea.