Sentensi Aliyoifuta Kicheko

Programu ile ilipowekwa kwenye vishikwambi vya shule, mwalimu wa unasihi hakuipenda. Kazi ya programu hiyo ilikuwa kupitia yale wanafunzi wanayoyaandika na kumtumia mwalimu tahadhari kila inapoona maneno ya hatari, na wiki za mwanzo ilimchosha kwelikweli. Mvulana mmoja aliandika kuwa atamuua kaka yake kwa sababu amemlia mkate wake, ikapiga kelele. Mwingine akatunga insha ya simba na swala, damu tupu mwanzo hadi mwisho. Ikapiga kelele tena. Mwalimu akamwambia fundi wa kompyuta kwamba chombo chake ni kama mbwa mchanga, kinabwekea hata kivuli chake.

Kisha asubuhi moja, chai bado inamchoma midomo, ikamletea sentensi ambazo mwandishi alikuwa ameziandika na kuzifuta papo hapo: "Nimechoka. Nikiondoka duniani hakuna atakayejua kama nilikuwepo." Aliangalia jina la mwandishi, akaliangalia tena. Alikuwa Kicheko.

Shule nzima ilimwita hivyo. Alikuwa msichana wa kidato cha tatu, mwembamba, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake, aliyeweza kumwigiza mwalimu mkuu akipiga chafya mpaka mwalimu mkuu mwenyewe akashika mbavu. Mwalimu wa unasihi alikuwa na orodha yake kichwani ya watoto wa kuwaangalia kwa jicho la pili. Kicheko hakuwemo.

Makamu wa mwalimu mkuu alitaka mtoto aitwe ofisini mara moja, mkoba wake ukaguliwe, walezi wapigiwe simu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na hofu. Mwalimu wa unasihi alimsihi ampe nafasi ya kuzungumza naye kwanza, kwa sababu mtoto akizingirwa kama mwizi hujifunga, na akishajifunga kumfungua ni kazi. Makamu akakubali, kwa sharti kwamba siku hiyo msichana asiachwe peke yake hata kidogo. Mwalimu akaliona sharti hilo ni la haki.

Alimfuata darasani, akamwomba amsaidie kutundika mapazia ya chumba cha unasihi, yaliyokuwa yametoka kufuliwa. Kicheko alipanda juu ya meza, akaanza kuyapachika kwenye ndoano moja baada ya nyingine. Mapazia yalikuwa yamesinyaa, yakaishia katikati ya dirisha. Akasema haya sasa yamevaa kaptula. Mwalimu akacheka, na kicheko kilikuwa cha kweli. Walipomaliza lile la kwanza, akamwomba ashuke wakae.

"Programu ya shule imenionyesha ulichoandika jana ukakifuta," alisema.

Kicheko alibaki na ndoano mkononi. "Kwa hiyo mnatusoma."

"Ndiyo. Na mlistahili kuambiwa waziwazi tangu mwanzo. Kasirika, una haki. Lakini usiondoke."

Msichana hakuondoka. Aliizungusha ndoano vidoleni, macho chini. Mwalimu akauliza lile ambalo watu wazima wengi hulizunguka kama shimo njiani.

"Unafikiria kujitoa uhai, mwanangu?"

"Siyo kila siku," alijibu, kwa sauti ndogo ambayo mwalimu hakuwahi kuisikia kwake.

Kisha maneno yakaja, kwanza kwa matone, halafu kwa mkupuo. Aliishi na bibi yake mzaa mama, aliyemlea tangu mama yake afariki. Tangu mwaka uliopita kumbukumbu za bibi zilikuwa zikimponyoka. Mchana jirani alimwangalia. Jioni ilikuwa zamu ya Kicheko kumpikia, kumwogesha na kufunga mlango asije akatoka akapotea. Na sasa bibi alimwita kwa jina la marehemu, akifurahi kwamba binti yake amerudi. Mjomba, mwoka mikate upande wa pili wa mji, alipiga simu mara kwa mara akaambiwa mambo ni shwari. Nyumba usiyolala ndani hujui ila yake.

"Shuleni wananijua kwa vichekesho. Nyumbani najulikana kwa jina la mama," Kicheko alisema. "Mimi mwenyewe sijui niko wapi, mwalimu."

Mwalimu hakumhubiria. Alisogeza kiti chake karibu, msichana akamwegemea begani, akalia mpaka kwikwi zikamwisha. Ndipo akaulizwa angependa nani aambiwe kwanza. Akasema mjomba.

Mjomba alifika unga ukiwa bado kwenye nyusi. Alisikiliza yote bila kukatiza, mikono kati ya magoti.

"Kwa nini hukuniambia, mwanangu?"

"Ungekuja, bibi angekuita kwa jina la babu, na wewe ungelia."

"Basi tutalia kwa zamu," alisema mjomba. "Zamu yako imekuwa ndefu mno."

Siku ileile wakaenda wote watatu hospitali, kwa muuguzi wa afya ya akili, na Kicheko akapangiwa kuonana naye kila wiki. Mjomba na mkewe wakahamia kwa bibi. Bibi alimkaribisha mke wa mjomba kila asubuhi kama mgeni aliyefika sasa hivi, akimpa kiti kizuri, na mke wa mjomba akakipokea kila asubuhi kwa shukrani mpya.

Kicheko aliomba jambo moja tu: wenzake nao waambiwe kwamba wanasomwa, na kwa nini. Wakaambiwa. Wengine walinung'unika, na mmoja akaanza kuandika matusi kwa makusudi ili awasalimie wanaomsoma.

Mambo hayakunyooka kwa siku moja. Kulikuwa na asubuhi ambazo Kicheko alikuja chumba cha unasihi, akakaa tu, akarudi darasani. Halafu karibu na mwisho wa muhula, mwalimu wa hesabu akaja mbio na habari mbaya: Kicheko amelia mbele ya darasa zima, kisa kanyang'anywa kiti chake cha dirishani, wala hakufanya mzaha wowote.

"Na wenzake?" mwalimu wa unasihi akauliza.

"Wamemrudishia kiti. Mmoja amempa leso."

Mwalimu wa unasihi alimshukuru, akafunga mlango, akakaa kitini akitabasamu peke yake.