Picha Isiyo na Mtu

Mimi sipendi mtu kwenye picha zangu, basi. Napiga majengo yaliyohamwa: ngazi zilizomeguka, madirisha matupu, rangi inayobanduka. Mtu akitokea, namfukuza. Ndiyo maana hata nyumbani kwangu sahani ni moja.

Katika lile jengo la ghorofa nne alikuwa amebaki mama mmoja tu, mshona nguo. Kila nilipofika nilimpigia kelele. "Shangazi, anua hizo nguo! Shangazi, rudi ndani!" Naye alianua, akafunga dirisha, akajibanza nyuma ya mlango mpaka nimalize. Siku moja alichungulia.

"Na mimi hunipigi hata moja? Au sura yangu itapasua kioo?"

"Siku nyingine, shangazi. Nina haraka."

Haraka ya wapi? Hakuna aliyekuwa akinisubiri popote.

Manispaa waliziomba picha zile, nikawapa huku kichwa kimenivimba. Mwezi haukuisha, shangazi akanifuata na barua mkononi.

"Nisomee, mwanangu, miwani imevunjika."

Jengo lingebomolewa Jumatatu kwa kuwa halina mkazi hata mmoja. Ushahidi: picha zilizoambatanishwa. Chini yake, jina langu. Nilimsomea yote, ila jina nikaliruka.

"Halina mkazi?" akasema. "Kwani mimi ni paka? Waambie nipo, jamani. Sina pengine pa kwenda."

Nikakimbilia kwa ofisa.

"Tukitangaza kubomoa tu, watu wanahamia makusudi," alisema. "Lete picha moja ya zamani yenye mtu humo ndani. Moja tu, na kazi naisimamisha leo hii."

Nilizipekua zote mia tatu na kumi na mbili. Hakuna shangazi, hakuna nguo kambani, hakuna hata ndoo mlangoni. Kazi safi kabisa. Mjinga mimi! Nililia peke yangu mezani, mbele ya ile sahani yangu moja.

Jumatatu asubuhi nilimkuta nje, amekalia godoro lililofungwa kamba, cherehani iko miguuni. Tingatinga lilikuwa limeshawashwa. Nilitaka angalau picha moja awemo, hata kama imechelewa, nikainua kamera.

Alinyanyuka mbio mbio, akaanza kuliburuta godoro pembeni.

"Subiri kidogo, mwanangu," alisema akihema. "Nakupisha."