Taa ya Mlangoni

Karatasi ilichomekwa kwenye mwanya wa mlango: “Baba, nimegonga mpaka vidole vimeuma. Kama hunitaki, sawa.”

Seremala aliisoma mara tatu. Alikuwamo ndani muda wote huo, anaranda kigoda, mgongo kaupa mlango. Miaka mingi ya misumeno ya umeme ilikuwa imemziba masikio kabisa, lakini tangu wagombane binti yake alishikilia kwamba baba husikia anachotaka tu. Seremala alimtumia ujumbe wa simu kumweleza. Haukujibiwa.

Kesho yake akamwendea mama mwenye nyumba kuomba ruhusa: kitufe nje, waya upenye ukutani, taa iwake ndani.

“Ukuta wangu utobolewe?” Mama alipaza sauti hadi mishipa ya shingo ikamtoka.

“Usijichoshe, mama. Midomo yako inanitosha.”

Mama akabana kicheko. “Si uache mlango wazi?”

“Juzi ulinifokea kwa kuuacha wazi.”

“Basi kaa uutazame.”

“Ndiyo itakuwa kazi yangu kila Jumapili, siku anayokuja binti yangu. Hata chooni nitaenda mbio.”

Mama akaukagua ukuta. “Tundu moja tu, fundi. Na uzibe vizuri.”

Taa ilipofungwa, alimwandikia binti: “Mwanangu, sasa ukibonyeza kitufe nitajua.”

Jumapili ya kwanza haikuwaka. Ya pili pia. Hapo ndipo alipogundua alichojitakia. Kabla ya taa aliweza kujidanganya: labda alikuja, labda aligonga, labda ameondoka sasa hivi. Taa haikuwa na labda. Siku moja alishika bisibisi aing'oe, kisha akairudisha bisibisi mahali pake.

Jumapili ya tatu ikawaka. Alijigonga goti kwenye meza akiukimbilia mlango.

Aliyesimama nje alikuwa mwenye nyumba, kidole kingali kwenye kitufe. Alipouona uso wa mpangaji wake, akakiondoa haraka.

“Nilitaka kujua kama inafanya kazi.”

“Inafanya, mama.”

“Hajaja?”

Seremala akatikisa kichwa.

Mama alianza kuondoka, akageuka ili midomo yake ionekane. “Nikimkuta langoni, nimwambie nini?”

Kwa wiki zote hizo alikuwa akiwaza kitufe, waya na taa. Hilo hakuna aliyemuuliza.

“Mwambie abonyeze,” alisema. “Hata kama hataki kuingia. Abonyeze tu, aende zake.”