Kidenishi cha Kumshtukiza Mume

Fundi cherehani alikuwa akisoma Kidenishi kila jioni baada ya kufunga duka, ili akimfuata mumewe ughaibuni asiwe bubu. Hakumwambia, alitaka kumshtukiza. Matamshi yalimkwama kooni, na wanafunzi wenzake walicheka mpaka mbavu zikauma.

Siku moja, walipokwisha kufundishwa majina ya jamaa, mumewe alimpigia simu dukani. Nyuma yake mtoto aliita, "Far! Far!"

"Nani huyo?"

"Mtoto wa jirani, mke wangu. Anacheza tu."

"Mwitikie, mume wangu. Anakuita baba."

"Umejifunza lini Kidenishi?"

Fundi alingoja akane, hata kwa uongo. Hakukana. Fundi akakata simu, akaegemea cherehani, akalia kwa kwikwi kama mfiwa.