Amina ya Haraka

Mguu wa fundi ulikuwa unakanyaga pedali ya cherehani isiyo na kitambaa. Mama Pasi, aliyekuwa akinyoosha nguo kwenye meza ya pili, alishauzoea ugonjwa huo.

"Shoga, unashona upepo?"

Fundi hakusikia. Masikioni alikuwa na mhubiri, tena mhubiri aliyeongezwa kasi mara mbili, akimwaga maneno kama mahindi yanayomiminwa kwenye debe la bati. Tamthilia alishaziacha. Alisimama mbele ya kanisa zima akaapa kwamba visa vya wake wenza na sumu kwenye chai havitaingia tena kichwani mwake, na kweli akatimiza. Pale palipobaki wazi akajaza mahubiri: akikata, akipiga pindo, akila. Siku hizi aliyemkolea ni yule wa kuwaumbua watumishi wenzake. Huyu mwizi, yule mchawi, yule ana mwanamke pembeni. Hubiri moja likiisha, lingine linajileta lenyewe.

Mama Pasi akamgusa bega. "Masikio umeyapangisha?"

Fundi akachomoa spika ya sikio moja. "Ni neno la Mungu hili."

"Sasa linakimbizwa na nani?"

Kwenye kiti kilichokuwa karibu na mlango, baba yake fundi alicheka kwa upande mmoja wa uso. Upande wa pili ulikuwa haucheki tangu apigwe na kiharusi. Kila alasiri alikuja na mkongojo wake, akasubiri binti afunge duka, na kabla ya kufuli kubanwa alimwombea. Ndivyo alivyomwombea mlangoni tangu akiwa mtoto wa kwenda shule. Zamani sala ile ilikuwa fupi. Sasa kila neno lilitoka kwa kuvutwa, kama uzi mnene kwenye tundu la sindano nyembamba.

Jioni hiyo mzee akafumba macho. "Ee Mungu... mwangalie... huyu..."

"Binti yangu," fundi akamsaidia. Spika ya sikio la pili ilikuwa bado inatiririka.

"Mpe... mpe..."

"Kazi na afya. Amina!" Akadaka kufuli.

Mzee akafumbua macho, akauangalia ule waya unaoning'inia. "Tumemaliza... mama?"

"Tumemaliza, baba. Twende."

Kesho yake alipoanza kukusanya mikasi, mzee alijiinua, akatoka, akasimama barazani.

"Baba! Hatuombi leo?"

"Wewe... unajua... mwisho wake."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angegomba.

Nyumbani, kabla ya chakula, fundi alipiga magoti ajiombee mwenyewe. Alipomtaja mchungaji wake, akajiuliza anaficha nini. Alipoitaja kwaya, akaanza kupekua nani anatoka na nani. Alipiga magoti kama mwombaji, akainuka kama askari wa upelelezi. Na katikati ya makelele yote yale swali moja lilimng'ang'ania: mpe nini? Baba yake alikuwa anamwombea kitu gani? Yeye ndiye aliyejaza kazi na afya. Mzee hakuwa amesema. Na kiharusi kikirudi je, akaondoka na ombi lake?

Asubuhi alitupa simu na spika zake kwenye droo ya vifungo, akaisukuma kwa goti.

"He! Leo umeme umekatika masikioni?" Mama Pasi akashangaa.

"Niache, shoga."

Kimya kilimwasha mwili kama upupu. Alijichoma sindano, akashona mkono wa blauzi nje ndani, akaufumua. Mara kwa mara mkono wake ulienda wenyewe hadi kwenye droo, naye akaurudisha kama mtu anayemrudisha mbuzi kutoka shamba la jirani.

Jua lilipopungua alivuta kigoda, akaketi mbele ya baba yake.

"Baba, niombee."

"Una... nafasi?"

"Ninayo." Mguu ulikuwa umeshaanza kutikisika. Akaukanyaga kwa ule mwingine.

Mzee akafumba macho. "Ee Mungu..."

Pikipiki ikapita. Redio ya jirani ikaimba ubeti mzima. Mama Pasi alichomoa waya wa pasi ukutani, akakunja mikono.

"Huyu... mwanangu. Mpe..."

Maneno yalimjaa fundi mdomoni, yote tayari, yote yamekatwa na kupigwa pasi: afya, mume, wateja, ushindi juu ya maadui. Akaung'ata ulimi.

"Mpe..."

Ndani ya droo simu ikanguruma. Mahubiri mapya yameingia. Vifungo vikatetemeka, vikagongana, vikanyamaza, vikaanza tena. Fundi aliitazama droo. Kisha akaurudisha uso kwenye midomo ya baba yake, ambayo ilikuwa bado inalitafuta lile neno, akasogeza kigoda karibu zaidi.